Mkanda wa goti hauungi kano

Maswali haya ya mkanda wa goti naulizwa kila wiki na wachezaji na waendesha boda hapa Arua, Uganda.

Kano za goti ni nini?
Nyuzi ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mifupa ya chini ya goti. Kubwa ni nne: mbili pembeni, mbili zinapishana ndani.

Nikivaa mkanda sitaumia?
Bado unaweza kuumia. Mkanda wa kawaida, ile soksi ya goti, unatia joto na kukupa moyo, lakini hauzuii goti kujipinda ukigeuka ghafla. Kinga ni misuli yenye nguvu na kupasha mwili. Mazoezi ya FIFA 11+, ya kupasha mwili kabla ya soka, huchukua kama dakika 20, bila kununua chochote. Timu zetu? Danadana mbili, mechi inaanza.

Goti lililia "tap", likavimba. Nimevaa mkanda, nacheza. Kuna ubaya?
Upo, mkubwa. Goti lililolia na kuvimba ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu, na huenda kano ya mbele, moja ya zile mbili zinazopishana, imekatika. Mkanda hauungi kano! Uvimbe ukishuka unajiona umepona. Unageuka, goti linakuachia, na safari hii gegedu nayo, ule mto laini kati ya mifupa, inachanika. Wengi huja kupimwa baada ya miezi sita. Wanavua mkanda wa mitumba uliolegea kama soksi ya shule, napima mapaja kwa tepu, la upande ulioumia limenywea. Njoo wiki ile ile. Mguu ukiwa wa baridi au umekufa ganzi, njoo saa ile ile.

Mama anasema likandwe kwa maji moto.
Shikamoo mama, lakini siku za kwanza hapana. Wala asiite mtu wa kulivuta. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu juu ya mto.

Eksirei imeonyesha niko mzima.
Imeonyesha mifupa. Kano hazionekani humo.

Basi mkanda una kazi gani?
Ule wenye vyuma pembeni, uliopimwa kwa mguu wako, hulinda kano ya pembeni, ile ya upande unaotazama goti la pili, inapojiunga; hiyo mara nyingi hupona bila kisu. Mazoezi ya paja hayaachwi. Shavu la mguu likivimba, vua uje. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele asiguse mechi kabla ya miezi 9, hata kocha akimbembeleza.

Kesho nirudi kwenye boda na mkanda wangu?
Hapana. Mguu huo ndio unaoushusha chini kushikilia pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mihogo.