Dickens hakuwa na meza The Grapes

Kila kundi ninalolipeleka The Grapes, baa ya Limehouse, mashariki mwa London, halikosi mtu wa kuuliza: "Meza aliyoandikia Dickens ni ipi?" Wanaamini mwandishi Charles Dickens aliandikia riwaya yake humo. Jamani, meza hiyo haipo! Nimesema mpaka nimechoka, na bado watu wanapiga picha na meza ya kwanza wanayoikuta.

Riwaya yenyewe, Our Mutual Friend, ilitoka kwa sehemu za kila mwezi kuanzia Mei 1864 hadi Novemba 1865. Kufikia hapo Dickens alikuwa na jina na jumba lake Gad's Hill, Kent. Angetafuta nini na wino wake katikati ya makuli na wapiga makasia? Tarehe 9 Juni 1865 treni aliyopanda ilipata ajali Staplehurst. Alihudumia majeruhi, kisha akapanda tena kwenye behewa lililoning'inia darajani kuufuata muswada wa riwaya hiyohiyo. Kisa hicho kina ushahidi, lakini hakuna anayekiuliza.

Uhusiano wa kweli upo. Baba yake wa ubatizo, Christopher Huffam, aliishi Limehouse, na Dickens aliyajua maeneo hayo tangu utotoni. Katika riwaya kuna baa ya kando ya mto, the Six Jolly Fellowship-Porters, jengo lililopindapinda ambalo Bi Abbey Potterson anaamua nani anywe na nani akalale. Wengi wanaamini kielelezo chake ni The Grapes. Soma sura ya 6 ya kitabu cha kwanza kabla hujaja, halafu meza utaisahau.

Mengine ni mepesi. Mwaka 1583 unaotajwa ni wa baa kuwepo hapo. Kuta unazozigusa ni za karne ya 18. Usikae chini ukimngoja mhudumu, agiza mwenyewe kaunta. Hunywi pombe? Chukua soda, hakuna atakayekushangaa. Ian McKellen, mwigizaji aliyecheza mchawi Gandalf katika filamu za The Lord of the Rings, ni mmoja wa wamiliki, ila bia hauzi yeye. Ridhika na fimbo ya Gandalf iliyowekwa baani.

Na wageni wangu wa Pwani, msiniambie mto haupwi. Thames wakati wa bamvua hupanda na kushuka kama mita 7. Kwenye kibaraza cha nyuma, itazame sanamu ya Antony Gormley iliyo juu ya nguzo mtoni, utaona maji yamefika wapi. Yakipwa, usishuke kuokotaokota vitu ufukweni: kibali kinahitajika.