Ukakasi wa Pommard Changa Si Kasoro

Wiki hii mteja mwingine amenirudishia glasi ya Pommard, divai nyekundu ya Kifaransa, ya miaka 3 akisisitiza kwamba divai imeharibika, kwa kuwa inakausha ulimi na kukaza fizi. Haijaharibika. Divai iliyoharibika hutambulika kwanza kwa pua: kizibo chenye kasoro huipa harufu ya karatasi iliyolowa ikavunda, na hewa iliyozidi huielekeza kwenye siki. Ukakasi ni jambo jingine kabisa, kwani hutokana na tanini, yaani viambato vya asili vinavyokaza mdomo, za maganda, mbegu na pengine vikonyo vya zabibu za Pinot Noir. Pommard, kijiji kilicho kusini tu mwa mji wa Beaune nchini Ufaransa, kina udongo wa mfinyanzi ambao katika shamba la Les Rugiens ni mwekundu kwa wingi wa chuma, na divai yake kwa kawaida huwa na kiunzi kigumu kuliko ile ya jirani yake, Volnay.

Basi unapoionja usiulize kama inakaza. Uliza kama nyuma ya ukakasi kuna tunda, kama uchachu wake uko hai, na kama ladha inadumu baada ya kumeza. Vikiwapo vyote vitatu, ilaze bila wasiwasi. Tunda likikosekana, usidanganywe kwamba miaka italileta, kwa sababu tanini hulainika kadiri divai inavyokaa chupani, ilhali tunda bichi la ujanani hufifia.

Wengine huiona rangi yake nyepesi wakadhani haitadumu. Ganda la Pinot Noir lina rangi kidogo kwa asili, na hata Chambertin, divai nyingine ya zabibu hiyo inayoweza kukaa miongo kadhaa, haiwi nyeusi.

Kung'oa kizibo na kuiacha chupa wima "ipumue" hakusaidii kitu, maana shingo ni nyembamba mno. Imimine kwenye jagi pana saa moja kabla ya kunywa, kisha uinywe ikiwa na nyuzi 15 au 16.

Friji ya jikoni nayo si ghala: ni baridi kupita kiasi na ni kavu. Chupa ilale gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda, penye unyevu wa takriban asilimia 70. Mimi hushauri kununua chupa 3 za shamba moja na mwaka mmoja, ya kwanza ifunguliwe mwaka wa 8. Ikiwa bado imejifunga, yaani haitoi harufu wala tunda, kama zilivyofanya nyingi za mavuno ya mwaka 2005, zile mbili zisiguswe kwa miaka 4 zaidi.