Kamati ya ushauri ya mtaa: nguvu yake iko wapi?

Kamati ya ushauri ya mtaa, yaani wakazi wanaowapa madiwani maoni kuhusu bustani na barabara zao, haina fungu la fedha. Haiajiri mkandarasi, haisaini mkataba, na madiwani wanaweza kuipongeza leo kwa mapendekezo yake mazuri, kesho wakaamua kinyume chake. Ndiyo maana wakazi wengi huiona kuwa ni kijiwe cha porojo chenye ajenda iliyochapishwa. Lakini jiulize kwa nini bustani hii ina njia inayopitika usiku na ile haina, au kwa nini mtaa mmoja una kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule ilhali wa pili una tuta mbele ya lango la mtu mmoja. Mara nyingi jibu limo katika kumbukumbu za vikao vya kamati kama hiyo: nani alikuwepo, aliulizwa nini, na aliulizwa lini.

Hilo la lini lina uzito kuliko mengine yote.

Mradi wa bustani au barabara ya mtaani hupitia hatua zinazofahamika: hitaji linatambuliwa, linaingizwa kwenye mpango wa miaka kadhaa, linatengewa bajeti, linachorwa kwa muhtasari, linachorwa kwa kina, zabuni inatangazwa, ujenzi unaanza. Mradi ukiwa bado mchoro wa awali, kusogeza njia ya miguu mita kumi ni kazi ya dakika chache mezani. Mkandarasi akishapatikana, badiliko lilelile linakuwa marekebisho ya mkataba, lenye gharama na siku zake, na hapo mhandisi atatafuta kila sababu ya kulikataa. Kamati inayoletewa michoro iliyokamilika hubaki kujadili rangi ya mabenchi.

Nasema haya nikiwa upande wa wataalamu. Tunapenda kupeleka kwenye kamati kitu kilichokwisha kunyooka, kwa sababu mchoro mzuri hupunguza maswali. Mwenyekiti anayeijua kazi yake hauangalii mchoro kabla hajauliza: ni yapi hapa bado yanaweza kubadilika? Akijibiwa kwamba hakuna, afadhali kikao kile kiitwe kikao cha taarifa na kiandikwe hivyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Sherry Arnstein, aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi yenye vidato 8. Kwenye kidato cha chini kabisa, alichokiita cha ulaghai, aliweka kamati za ushauri ambazo wananchi wanaingizwa ili wapige muhuri yale yaliyokwisha kuamuliwa. Kupashwa habari na kutakiwa maoni kulikaa katikati tu. Madaraka ya kweli aliyaweka vidato vya juu. Kamati ileile moja inaweza kupanda au kushuka ngazi hiyo kutegemea siku inayoitwa.

Baada ya wakati, kinachofuata ni ubora wa ushauri wenyewe, na hapa mfano mzuri ni tuta, maana hakuna ombi linalozifikia ofisi za barabara mara nyingi kama hili: “Tuwekeeni tuta.” Ombi hilo ni dawa iliyotajwa kabla ya ugonjwa. Ugonjwa huenda ukawa magari yanayokimbia watoto wanapotoka shule, au kona isiyoonekana, au madereva wanaokwepa foleni ya barabara kuu kwa kukatiza mtaani. Kila kimoja kina tiba yake. Tuta hupunguza kasi, ni kweli, lakini hulichelewesha na gari la wagonjwa, huleta kishindo malori yanapopita usiku, linaweza kuyahamishia magari mtaa wa pili, na likijengwa bila kujali mkondo wa maji ya mvua hutengeneza dimbwi. Kuubana upana wa njia ya magari, kuikunja kona iwe kali zaidi ili dereva alazimike kupunguza mwendo, au kukiinua kivuko kizima kiwe sawa na njia ya miguu, huenda kukafaa kuliko tuta.

Kasi yenyewe si suala la kero tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ongezeko la asilimia 1 katika kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali yenye kifo kwa takribani asilimia 4. Mwezi Februari 2020, mataifa yaliyokutana Stockholm yalitoa azimio la kutaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachangamana na waenda kwa miguu na baiskeli, isipokuwa pale penye ushahidi kwamba mwendo wa juu zaidi ni salama. Kamati ikilijua hilo haiendi kwa mhandisi kuomba hisani. Inaenda na mahali, saa na vipimo: kwenye kipande hiki, kati ya saa fulani na fulani, magari yanapita kwa kasi hii, na watu wanavukia hapa, si pale palipochorwa punda milia. Wahandisi wengi hutumia kipimo cha kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi. Kamati inaweza kuiomba ofisi ifanye upimaji huo, na ombi la upimaji ni gumu kulikataa kuliko ombi la tuta.

Bustani zina ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa tatizo la bustani ni watu wasioonekana humo. Mjini Vienna, miaka ya 1990, ilibainika kwamba wasichana wakifika umri wa miaka 9 au 10 walikuwa wakitoweka kwenye bustani za umma ilhali wavulana wanabaki. Uwanja mmoja mkubwa wa wazi ulikuwa umetekwa na wenye mpira, na asiyetaka kuwagombania nafasi alijiondoa. Mwaka 1999 jiji likaanza kuzibadili bustani mbili: njia zikaongezwa ili watu wapite kwa urahisi, vikawekwa viwanja vya voliboli na badmintoni, na eneo kubwa likagawanywa kwa mimea kuwa sehemu ndogondogo ambazo kundi moja haliwezi kuzitawala zote. Wasichana walirudi, na wavulana hawakufukuzwa. Ukichukua maoni kwa watu walioko bustanini tu, jambo hilo hutalisikia kamwe, kwa kuwa unaowauliza ni wale ambao tayari panawafaa. Hapo ndipo mjumbe mwenye binti wa miaka 11 anapokuwa na thamani kuliko ripoti nene.

Kwa sababu hiyo napendelea kamati inayotembea. Kikao cha kwanza kuhusu bustani kifanyike bustanini, na si mara moja: mchana, kisha baada ya jua kuzama, kisha mvua ikinyesha. Awepo anayetumia kiti cha magurudumu na anayesukuma kigari cha mtoto. Taa ambayo kwenye mchoro imekaa vizuri, ukifika unaikuta imezibwa na matawi. William Whyte, aliyetumia miaka mingi kuwatazama watu katika viwanja vya wazi vya New York, aligundua kitu kinachoonekana cha kipuuzi kwa urahisi wake: watu hukaa mahali penye pa kukaa. Pia wakipewa viti vinavyohamishika, huvisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama vilikuwa mahali pazuri.

Kuna swali ambalo kamati hazipendi kuulizwa: zinamwakilisha nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichambua kumbukumbu za vikao vya mipango miji na ujenzi wa makazi katika jimbo la Massachusetts. Waliosimama kuzungumza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa watu wazima wa umri mkubwa, wanaume, wakazi wa muda mrefu na wenye nyumba zao, kuliko wakazi wa kawaida wa miji hiyo. Wapangaji na vijana walisikika kidogo, na haishangazi: kikao cha saa mbili usiku kwa wengine ndiyo saa ya kuingia kazini. Mwenye muda ndiye anayegeuka kuwa sauti ya mtaa.

Kanuni za uteuzi zinaweza kupunguza kasoro hiyo. New York ina bodi 59 za jamii, kila moja ikiwa na wajumbe wasiozidi 50 wasiolipwa mshahara. Bodi hizo hutoa maoni kuhusu matumizi ya ardhi na bajeti, na kwa maombi makubwa ya ardhi kanuni ya kawaida huipa bodi siku 60 za kuyapitia. Mwaka 2018 wapiga kura wa jiji hilo waliweka ukomo wa vipindi kwa wajumbe, baada ya malalamiko kwamba viti vilikuwa vikikaliwa na watu walewale kwa miongo. Ukomo una gharama, kwani mjumbe anayeondoka huondoka na kumbukumbu ya ahadi zote zilizowahi kutolewa. Dawa ni kupishanisha vipindi ili wajumbe wote wasiondoke pamoja, na kutunza kumbukumbu za vikao mahali ambapo mgeni atazisoma. Mwenye duka kwenye kona inayojadiliwa atangaze maslahi yake, aseme linalomhusu, kisha akae pembeni wakati wa kura.

Mabishano yakikwama, jaribio la muda husaidia kuliko mjadala mwingine. Kwa miaka mingi wakazi wa New York walipinga barabara ya magari iliyopita katikati ya bustani ya Washington Square. Mwaka 1958 ilifungwa kwa majaribio. Foleni kubwa iliyotabiriwa haikutokea, na barabara hiyo haikurudi tena. Kwa mtaa wa kawaida, rangi, vyungu vya maua na vizuizi vya plastiki kwa miezi michache vinatosha kuonyesha kama kona iliyobanwa itafanya kazi, kabla zege halijamwagwa.

Wako waliovuka mpaka wa ushauri. Porto Alegre, nchini Brazili, tangu 1989 iliwapa wakazi nafasi ya kuamua wenyewe vipaumbele vya sehemu ya bajeti ya uwekezaji. Mahali pengi kamati itabaki kuwa ya ushauri, na hapo silaha yake ni karatasi. Pendekezo liandikwe kwa sentensi inayoweza kujibiwa ndiyo au hapana, litaje nani atekeleze na lini, na liombe jibu la maandishi lenye sababu iwapo litakataliwa. “Kamati inashauri mazingira ya bustani yaboreshwe” haijibiki. “Kamati inashauri taa tatu ziwekwe kati ya lango la mashariki na kituo cha basi kabla ya mchoro wa kina kupitishwa” inajibika, na diwani atakayeikataa atalazimika kusema kwa nini.

Bado kuna kipengele ambacho hukatwa kimyakimya kwenye karibu kila mradi: matunzo. Fedha za kujenga na fedha za kutunza mara nyingi hutoka mafungu tofauti, na bustani inaweza kuzinduliwa kabla haijajulikana nani atamwagilia miti katika miaka yake ya mwanzo, wakati mizizi haijashika. Kamati iliulize hilo mchoro ukiwa bado mezani, kisha ijiwekee kwenye kalenda ukaguzi wa mwaka mmoja baada ya uzinduzi, ikiwa na nakala ya mapendekezo yake ya awali mkononi.