Je, wajua kwa nini askari aliyetoroka vitani ndiye aliyevaa beji ya ujasiri?

Beji inayotajwa kwenye jina la riwaya ya The Red Badge of Courage, yaani Beji Nyekundu ya Ujasiri, ni jeraha. Kijana Henry Fleming analipata kichwani, damu inamchuruzika, na wenzake wanamfunga leso huku wakimpa pole. Kasoro ni moja tu: hakuumizwa na adui. Alipigwa kitako cha bunduki na askari wa upande wake mwenyewe, aliyekuwa akitimua mbio kama Henry alivyotimua saa chache kabla. Kwa nini basi mwandishi akachukua uongo huu na kuuweka kwenye jalada?

Mwandishi mwenyewe, Stephen Crane, hakuwa askari. Alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kumalizika, na kitabu kilipotoka mwaka 1895 alikuwa hajawahi kuona vita vyovyote. Alisoma kumbukumbu za maveterani magazetini, lakini zilimkera: zilieleza nani alikwenda wapi na nani alishinda, bila kusema walijisikiaje. Yeye akageuza mambo. Majenerali wanapita kwa mbali juu ya farasi, mahali pa mapigano hapatajwi jina, na hata Henry kwa sehemu kubwa anaitwa “kijana” tu. Tunachokiona vizuri ni kilichomo kichwani mwake.

Jina la kitabu lilikuwa na rangi ambayo maveterani waliijua. Machi 1863, Jenerali Joseph Hooker wa jeshi la Kaskazini, upande anaopigania Henry, aliagiza askari wake washone beji za kitambaa kwenye kofia ili watambulike. Umbo lilionyesha jeshi dogo alimo mtu, rangi ikaonyesha divisheni: ya kwanza nyekundu, ya pili nyeupe, ya tatu buluu. Beji nyekundu, basi, ilikuwa kitu halisi, kilichosema “huyu ni wetu”. Ilikaa kwenye kofia, juu ya kichwa, palepale Henry anapopata jeraha lake. Na jeraha hilo linafanya kazi ileile ya kitambaa: linamrudisha kundini bila kuulizwa maswali.

Tuanze na mbio zenyewe, maana watu wengi hukumbuka kwamba Henry alikimbia wakasahau kwamba alikimbia kwenye shambulio la pili, si la kwanza. Shambulio la kwanza alilistahimili, akafyatua risasi pamoja na wenzake, akajiona tayari ni shujaa. Adui aliporudi mara moja, kabla jasho halijakauka, ndipo akatupa bunduki na kushika njia. Anakimbia akijiambia kwamba ana akili kuliko wale wajinga waliobaki kuuawa. Kiswahili kina methali ambayo ingemfaa sana saa ile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Bahati mbaya anamsikia jenerali akishangilia kwamba wale wajinga wameshikilia mstari. Hapo hoja yake nzuri inamgeukia, na yeye, badala ya kufurahi kwamba upande wake haukushindwa, anajiona amedhulumiwa.

Akaingia msituni kutafuta hakimu mwingine. Akamrushia kindi tunda la msonobari. Kindi akaparamia mti, akakimbia. Basi! Maumbile yenyewe yamesema kwamba kukimbia ni haki. Crane hatoi maoni, ila baada ya kurasa chache tu anampeleka mahali ambapo matawi yamejikunja kama kanisa dogo, mwanga ni hafifu, na ndani ameketi askari aliyekufa, mgongo umeegemea mti, sare iliyokuwa buluu imechujuka ikawa ya kijani, na siafu wanatembea usoni. Maumbile yale yale yaliyomtetea Henry yanamla mwenzake bila chuki wala huruma. Kwa maoni yangu hii ndiyo kejeli kali kuliko zote kitabuni, na haina hata neno moja la kejeli.

Kisha anajikuta kati ya majeruhi wanaojikokota kutoka vitani. Hapo ndipo wivu unapomshika: anatamani naye awe na jeraha, beji nyekundu ya ujasiri. Neno hilo, kwa hiyo, linazaliwa katika aibu. Karibu yake anatembea askari aliyechakaa, mwenye risasi mbili mwilini, ambaye anamuuliza kwa upole: wewe umeumia wapi? Henry anamkwepa. Wanashuhudia pamoja kifo cha Jim Conklin, rafiki wa Henry tangu nyumbani. Halafu yule askari aliyechakaa, ambaye sasa mawazo yanaanza kumpotea na ni wazi kwamba anakufa, bado anahangaikia jeraha la Henry lisilokuwepo. Henry anamwacha akitangatanga shambani peke yake. Kukimbia risasi kunaweza kusameheka, mwili una akili zake. Kumkimbia huyu mtu kulitokana na swali tu.

Ndipo linakuja pigo la kitako cha bunduki. Usiku anarejea kikosini na kusema amepigwa risasi. Koplo anamchunguza kwa makini na kusema risasi imemkwaruza, ila imeacha nundu ya ajabu, utadhani mtu kamgonga na rungu. Ukweli umetamkwa mbele ya kila mtu na hakuna aliyeusikia.

Siku inayofuata Henry anapigana kama mnyama aliyefungiwa, na baadaye anainyakua bendera mikononi mwa mshika bendera aliyeuawa. Hii haikuwa pambo. Baruti ya wakati ule ilitoa moshi mzito, amri zilipotea katika mingurumo, na askari alijua kikosi chake kiko wapi kwa kuitazama bendera. Aliyeibeba hakuweza kutumia bunduki, na kila mlengaji wa upande wa pili alimtafuta yeye. Kijana aliyejificha ili asionekane sasa amejiweka mahali panapoonekana kuliko popote.

Wengi huishia hapo na kusema amepevuka. Mimi hunitazamisha zaidi Wilson, rafiki yake. Mwanzoni Wilson ni mtu wa makelele, mwenye kujigamba, na kabla ya mapigano anamkabidhi Henry bahasha ya barua huku akilia kwamba atakufa. Usiku Henry anaporejea, Wilson ni mtu mwingine: mpole, anampa blanketi zake, na kesho yake anaamua ugomvi wa wenzake, kisha anaomba barua zake kwa haya. Hana jeraha lolote. Crane hatuonyeshi kilichombadilisha. Kilitokea wakati Henry hayupo, yuko msituni akihojiana na kindi. Na Henry anapozirudisha zile barua anajipongeza kimoyomoyo kwa kuwa na siri ya mwenzake, wakati yake ni nzito zaidi.

Mwishoni kitabu kinasema Henry sasa ni mwanamume, na mwali wa jua unapenya mawingu ya mvua. Wasomaji wamebishana sana kama Crane alimaanisha hivyo au alikuwa bado anamcheka. Nikisoma sura hiyo naona kinachomtesa Henry zaidi ni yule askari aliyechakaa shambani. Kukimbia vita hakumsumbui kiasi hicho, na hata hilo la shambani analisukuma mbali kabla ukurasa haujageuka.

Lakini Crane alimrudia Henry. Mwaka 1896 alichapisha hadithi fupi, The Veteran, ambamo Henry ni mzee anayezungumza dukani na majirani. Hapo ndipo Chancellorsville, vita vya Mei 1863 huko Virginia, inatajwa wazi. Mzee anakiri kwamba aliogopa, akakimbia. Mjukuu wake, anayeitwa Jim, anasikia na kushtuka. Njiani kurudi nyumbani mtoto anauliza kama ni kweli alikimbia. Babu anajibu kwamba ndiyo, ni kweli. Vilikuwa vita vyake vya kwanza, na kulikuwa na kelele nyingi mno. Hataji jeraha. Baadaye banda la mifugo linashika moto, na baada ya kutoa farasi na ng’ombe anasikia kwamba watoto wa farasi wamebaki ndani. Majirani wanamsihi asirudi. Anaingia.