Maji ya chumvi hayang'oi ukoga

"Kila asubuhi nasukutua maji ya chumvi vuguvugu, na fizi bado zatoa damu." Hapa Lamu utayasikia hayo Mkomani, utayasikia Langoni, na ukifika Shela utakuta watu hawana hata haja ya bilauri: wanateremka ufuoni wakasukutua bahari yenyewe. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba bakteria wa fizi wanaelea mdomoni kama takataka ndani ya ndoo, basi ukizungusha maji na kutema, wamekwenda. Wanaoelea hawana neno. Kazi iko kwa walioshika.

Mate ni maji kwa takriban asilimia 99. Kilichobaki ni kidogo, lakini ndimo zilimo glikoprotini, yaani protini zilizobeba minyororo ya sukari. Kubwa zao ni musini, zile zinazofanya mate yavutike kama uzi. Bakteria akiwa bado anaelea, hunasa kwenye sukari hizo pamoja na wenziwe, wakawa donge, ukalimeza bila kujua, na asidi ya tumbo ikalimaliza. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, kwa hiyo ufagio huo haulali ila usiku, mate yanapopungua sana.

Sasa piga mswaki vizuri, kisha pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Yanateleza. Dakika chache tu baadaye protini za mate zimekwisha kulivika jino utando mwembamba usioonekana. Utando huo una faida, maana unakinga jino na asidi. Lakini baadhi ya protini zikishagandama kwenye jino hujikunjua, zikafichua sehemu zilizokuwa zimefichika zilipokuwa zikielea, na bakteria wana vishikio vya kushika palepale. Protini iliyokuwa ikiwakusanya ili wamezwe ndiyo sasa inayowapa pa kukaa.

Wa kwanza kukaa ni akina Streptococcus na Actinomyces. Juu yao huja Fusobacterium nucleatum, dalali wa mdomo, anayeshikana na wa mwanzo na wa mwisho. Nyuma kabisa huja Porphyromonas gingivalis, mwenye vinyweleo vya kujishikiza. Huyu haivumilii oksijeni, kwa hiyo hustawi pale jengo likishakuwa nene na mfuko wa ufizi, yaani upenyo ulio kati ya ufizi na jino, umeshaingia kina. Vimeng'enya vyake hukatakata protini, na anahitaji chuma kilichomo kwenye damu. Ufizi unaotoka damu kila siku unamlisha.

Jengo hilo ndilo ukoga. Maji ya chumvi yanafanya nini mbele yake? Yanapita juu ya paa. Ndani ya mfuko wa ufizi hayaingii ila kidogo mno. Nusu kijiko cha chai katika bilauri ya maji vuguvugu inaliwaza ufizi baada ya daktari wa meno kukwangua meno, na hapo ni sawa. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, karibu mara tatu ya mchanganyiko huo, na yale ya karibu na gati yana mengine yanayoletwa na mvua kutoka vichochoro vya punda. Hilo nalo lifikirie.

Ukoga unatolewa kwa kusugua. Mswaki laini, nywele zake zilazwe nyuzi 45 zikielekea pale ufizi unapokutana na jino, utikisike kidogo kidogo bila kukokotwa, meno mawili au matatu kwa wakati, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Upande wa ndani wa meno ya chini ndio unaosahauliwa na kila mtu, na ndipo ukoga unapogeuka jiwe upesi, kwa kuwa tezi za mate zinamwaga papo hapo mate yenye kalisi. Kati ya jino na jino pitisha uzi au kibrashi kila siku. Mswaki wa mti nao unafaa: loweka, menya ncha kama sentimita moja, tafuna hadi nyuzi zilainike, sugua kutoka ufizini kwenda kwenye jino, na ncha ikichakaa ikate. Kuutia kinywani na kutembea nao mtaa mzima bila kusugua hakuhesabiki.

"Fizi zikitoa damu, pumzisha mswaki." Kinyume chake. Mwaka 1965, Aarhus, Denmark, mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaachisha watu 12 kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walivimba fizi, na waliporudia kusafisha walipona katika muda wa kama wiki moja. Damu ikiendelea zaidi ya wiki mbili za usafi wa kweli, huenda kuna jiwe chini ya ufizi, au kisukari hakijadhibitiwa. Mvuta sigara asijidanganye: kwake damu hupungua huku ugonjwa ukiendelea.

"Mate mazito ni uchafu, yatemwe." Mazito kwa kawaida ni mate yenye musini na maji machache. Kunywa maji. Ukifunga, piga mswaki baada ya daku na baada ya kula usiku. Mtafuna muguka mwenye kinywa kikavu anajinyima ufagio wake mwenyewe. Tambuu haisafishi chochote, na popoo ni chanzo cha saratani ya kinywa.

"Dawa kali ya kusukutua inaua wote." Kloreksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja mara mbili kwa siku, inasaidia kwa wiki mbili hivi. Ikizidi, meno yanapata madoa ya kahawia. Usiitumie mara tu baada ya dawa ya meno, povu linaidhoofisha; ngoja nusu saa.

"Kukwangua kunalegeza meno." Jino lilikwisha kulegea, jiwe ndilo lililokuwa limeliegemeza. Kabla ya kukwanguliwa omba mifuko ya ufizi ipimwe: milimita 1 hadi 3 bila damu ni sawa, 4 na zaidi pamoja na damu, usafishaji ushuke chini ya ufizi, kisha upimwe tena baada ya miezi mitatu hivi.