Je, wajua? Nyama choma haifuti kazi ya bia kwenye misuli

Baada ya bonanza la Jumapili, au baada ya kutoka kupiga chuma, wengi huishia baa. Na hapo mezani hakosekani mmoja wa kusema: "Bia haina neno, almuradi nyama ipo. Protini si ndiyo hiyo?" Hoja ina mantiki yake. Misuli hujengwa kwa protini, na kilo nzima ya mbuzi iko kwenye sinia. Sasa pombe inaharibu nini?

Kwanza tukumbuke kwamba misuli haikui ukiwa umebeba chuma. Hukua baadaye, umepumzika. Nyuzi zake hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na mazoezi mazito huipandisha kasi ya ujenzi kwa saa 24 na zaidi. Ndani ya seli kuna protini inayoitwa mTOR, ambayo ndiyo fundi mkuu wa saiti hiyo. Huamshwa na mambo mawili: mkazo uliobebwa na misuli, na asidi za amino (vipande vinavyounda protini) kutoka kwenye chakula, hasa leusini, ambayo imo kwa wingi kwenye nyama, mayai na maziwa. Akishaamka, ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini ndani ya seli, huanza kuunganisha asidi za amino kuwa aktini na miosini, zile protini zinazoifanya misuli ijikunje na kuvuta.

Pombe humpata huyohuyo fundi mkuu. Tofali zinaweza kuwa zimejaa kiwanjani, lakini amri ya kujenga inatoka kwa unyonge.

Jambo hili lilipimwa kwa watu. Mwaka 2014 watafiti wa Australia, akiwemo Evelyn Parr, walitoa matokeo ya jaribio la wanaume wanane waliozoea mazoezi. Kila mmoja alipitia zoezi lilelile mara tatu, kwa nyakati tofauti: seti nane za kunyoosha miguu kwenye mashine yenye uzito, nusu saa ya baiskeli, halafu mizunguko kumi ya kukanyaga pedeli kwa nguvu kubwa, sekunde 30 kila mmoja. Mara moja walipewa gramu 25 za protini ya maziwa mara tu walipomaliza, na nyingine 25 saa nne baadaye. Mara nyingine walipewa protini hiyohiyo pamoja na pombe. Mara nyingine tena pombe na wanga, bila ile protini. Pombe yenyewe ilikuwa vodka iliyochanganywa na juisi ya machungwa. Kisha wakachomwa sindano nene ya pajani, kikatolewa kinyama kidogo cha msuli ili kuona ujenzi umefika wapi.

Kipimo cha pombe hakikuwa cha kitoto: gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anafikisha gramu 105. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo hapo tunazungumzia chupa tano na ushee. Kwa meza nyingi za Jumapili jioni, huo si ulevi wa kutisha, ndiyo kwanza watu wanaanza kupandisha sauti.

Walipokunywa pombe pamoja na protini, ujenzi ulishuka kwa asilimia 24 ukilinganisha na protini peke yake. Pombe bila protini ikaushusha kwa asilimia 37. Kwa hiyo yule mwenye hoja ya nyama hajakosea kabisa: protini inaokoa kiasi. Ila karibu robo ya kazi inapotea hata ukila vizuri, na saa mbili baada ya zoezi mTOR ilikuwa imechangamka zaidi kwa waliopata protini bila pombe. Kuongeza kilo ya pili ya mbuzi si dawa, kwa sababu kilichopungua si nyama.

Tusitie chumvi lakini. Hata kwenye pombe, ujenzi ulikuwa juu kuliko misuli ikiwa imepumzika tu, na vipimo vilichukuliwa ndani ya saa nane, havikufuata miezi ya mazoezi. Kiasi nacho kina uzito wake. Kule New Zealand, Matthew Barnes na wenzake waliona kwamba gramu 1 ya pombe kwa kila kilo ya mwili baada ya zoezi la kuumiza misuli iliongeza upungufu wa nguvu uliofuata, ila nusu ya kiasi hicho haikuongeza. Nusu hiyo, kwa mtu wa kilo 70, haifiki chupa mbili.

Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, miaka nenda rudi, hesabu ni nyingine. Kati ya walevi wa kudumu, asilimia 40 hadi 60 hupata udhaifu wa misuli unaotokana na pombe yenyewe. Nyuzi zinazosinyaa zaidi ni zile za kasi, za kuruka na kunyanyua, na mara nyingi dalili huanzia mapajani na mabegani: kupanda ngazi kunakuwa kazi, kuinuka kitini mpaka ushike meza. Akiacha pombe, nguvu hurudi polepole, kwa miezi, na pengine isirudi yote.