Je, wajua kwa nini yai humkwama kuku anayetaga?

Mfugaji wa Wakiso au Mukono, nchini Uganda, mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba anaweza kufungua banda asubuhi na kumkuta mtetea mmoja amejitenga na wenzake, amesimama wima huku mkia ukiwa umeinama, manyoya yametutumka, anahema kwa mdomo wazi. Huingia kiotani, hujikamua, hutoka bila kutaga, kisha hurudi tena. Kinyesi nacho huwa haba au hakitoki kabisa, kwa kuwa kinyesi na yai hupitia tundu moja. Dalili hizi zikionekana kwa pamoja, huenda yai limekwama, na kuku huyo anahitaji msaada siku hiyohiyo.

Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na takribani saa 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda, ambalo huhitaji kama gramu 2 za kalsiamu. Wengi hudhani kwamba madini haya ni ya ganda tu, kumbe ndiyo pia yanayoiwezesha misuli ya mrija wa mayai kujikaza na kulisukuma yai nje. Kwa hiyo kuku aliyepungukiwa na kalsiamu hudhurika mara mbili: ganda huwa laini, na misuli hukosa nguvu ya kulisukuma. Yai kubwa kupita kiasi, unene, maambukizi ya mrija, na kuanza kutaga kabla mwili haujakomaa ni sababu nyingine.

Mweke kuku huyo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, kwa dakika 20 hivi, kisha mkaushe vizuri, umpake mafuta safi ya kupikia kwenye tundu la kutagia na kumweka peke yake mahali penye joto, giza na utulivu. Mpe maji ya kunywa na kalsiamu. Usimminye tumbo kwa nguvu, wala usilivunje yai likiwa ndani, kwani vipande vya ganda huchana mrija na kuleta maambukizi yanayoweza kumuua. Akizidi kudhoofika, au saa kadhaa zikipita bila yai kutoka, aitwe daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumdunga sindano ya kalsiamu au kulitoa yai kwa utaratibu salama. Nyama nyekundu ikichomoza nje, mtenge mara moja, maana wenzake wataidonoa mpaka wamtoe matumbo.

Hata hivyo, kuku wengi wakiacha kutaga kwa wakati mmoja, au wakitaga mayai yenye maganda laini huku wakikohoa na kuharisha, tatizo si yai kukwama. Fikiria mdondo au ugonjwa mwingine wa kuambukiza, na umwite daktari kabla ya kununua dawa yoyote dukani.

Kinga iko kwenye chakula, na hapa ndipo wafugaji wetu wengi wanapokosea, kwa kuwa pumba za mahindi peke yake zina kalsiamu kidogo sana. Chakula cha kuku wa mayai kinapaswa kuwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Dagaa wa Ziwa Victoria husaidia, lakini hawatoshi. Ongeza makombe ya konokono wa ziwani yaliyopondwa, au chokaa maalumu ya chakula cha mifugo, kamwe si ile ya kupaka ukutani, ambayo huunguza. Makombe yawe chengachenga na yatolewe alasiri: sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, ambao hapa karibu na Ikweta huchukua saa 12 hivi mwaka mzima, na chenga hizo huyeyuka polepole tumboni wakati kuku hali chochote. Zikikosekana, huchota kalsiamu mifupani mwake. Vifaranga na mitetea ambao hawajakaribia kutaga wasipewe chakula hiki, kwa sababu kalsiamu nyingi kiasi hicho huharibu figo zao.